Kilichofukiwa Chini ya Miparachichi

Milanzi, Sumbawanga
9 Januari 2025

Mzazi mwenzangu Mama Jenifer,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utaitikia hapohapo ulipo, hata kama una sufuria mkononi. Huku mwaka tumeuona, mjukuu wetu kule Mbeya kwa Calvin na Jenifer ameota jino la pili, na mvua inanyesha mpaka kuku wamekata tamaa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: tangu ile kwinini ya mwaka juzi masikio yangu yamebaki pambo, na simu naishika tu watu wasinione mshamba. Ya pili, ninachotaka kukuuliza hakiingii kwenye meseji. Anjela wa mchele, huyu aliyekuletea barua, anakupa pia mfuko wenye vipande viwili vya mti. Kimoja nimekifunga uzi mwekundu, kingine mweupe.

Sijasahau siku ile tulipokuja kwenu Muze kumleta mjukuu. Nilikuwa nimepika shuleni miaka ishirini na sita, kuni zimenipitia mikononi kwa malori, nikajiona bingwa. Wewe ukachukua kipande kimoja kwenye lundo, ukakipima mkononi, ukakigonga kwenye jiwe, ukakibanja kidogo na kunusa. Ukasema, "Huu mgunga, utaivisha maharage na makaa yatabaki ya chai. Huu mkwaju, wekeni akiba ya msiba. Na huu," ukautupa nje ya uzio, "huu ukiuwasha ndani, mtoto ataamka macho yamevimba." Mimi niliyepikia watoto mia nane nikasimama wima kama niliyeitwa mbele ya darasa. Tuliporudi nilimwambia Baba Calvin kwamba yule mwanamke ana chuo kikuu puani. Nasema tena leo, na sikutanii.

Sasa sikiliza. Kipande cha uzi mwekundu ni cha mzigo wa kuni alioniletea jirani yetu Teodori, fundi cherehani, sikukuu ya Noeli. Zinawaka kama karatasi, moshi wa kutosha kufukuza nyuki, makaa hakuna. Nilimuuliza ni mti gani, akatazama chini akasema, "Ni kuni tu, mama." Midomo yake niliisoma vizuri.

Kipande cha uzi mweupe ni tawi la mparachichi wa Baba Calvin. Ndilo jambo lenyewe. Tulipohamia mjini kwa ajili ya presha yake, aliacha shamba kule nyuma ya Laela, shamba ambalo watu walikuwa wanasimamisha baiskeli kulitazama. Hapa Milanzi hana shamba. Ana miparachichi tisa nyuma ya nyumba, ameipanda kwa mkono wake, na kila asubuhi anaizungukia kabla hajanywa chai. Yote tisa inaumwa. Majani yamekuwa madogo na ya njano, vilele vimekauka.

Amesema Jumatano ya Majivu ikifika na miti haijachipua, ataikata yote iwe kuni, kisha na yeye atakaa kitini asubiri zamu yake. Alisema hivyo huku anajimenyea kiazi. Toka siku hiyo anakula vijiko vitatu, anasukuma sahani. Mama Jenifer, naogopa, na siogopi kwa ajili ya miti.

Mzee wako Bundala msalimie sana. Nakuomba unuse.

Wako,
Cornelia, Mama Calvin


Muze
17 Januari 2025

Mama Calvin,

Mwangaluka. Sisi Wasukuma tukisema hivyo tunauliza kama kumekucha salama, na kwa barua yako naona hakujakucha.

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Sifa ulizonipa nimezisoma mara mbili, kisha nikamsomea Bundala. Akasema nisivimbe kichwa, kuni hata mbuzi anazijua. Lakini niliona anacheka.

Nimevipima vipande vyako. Kile cha uzi mwekundu ni chepesi kwa ukubwa wake, na nilipokigonga kililia kama boga. Ndani ni cheupe kinachoelekea manjano. Nilichoma ncha, kikashika haraka, kikatoa moshi, kikaacha jivu jepesi. Nikakibanja, nikakiweka kando ya kile cha uzi mweupe. Ni mti mmoja. Mama, Teodori amekuletea mparachichi.

Usiulaumu mparachichi, haukuumbwa kwa jiko. Lakini angalia kitu hiki. Kipande cha Teodori kina weusi chini ya ganda, upande mmoja wa ncha, umezunguka kama pete isiyofunga. Kukauka hakuleti weusi wa namna hiyo, na moto haukuwa umefika pale. Mti ule ulianza kufa ukiwa bado umesimama, na ulianzia chini. Tawi lako halina weusi. Lina njaa tu. Tawi likiwa na njaa wakati mvua inanyesha, ujue mdomo wa mti ndio unaoumwa, na mdomo wa mti uko ardhini.

Kwa hiyo nijibu haya. Majani yalianza kufa juu au chini? Maji yanasimama pale mvua ikipita? Kuna kitu chochote kwenye shina, utomvu, unga, wadudu? Na je, mmeweka nini shinani? Ukiweza, nibanjie kipande cha ganda pale mti unapoingia ardhini, ukifunge kwenye jani la mgomba kisikauke.

Mwambie mkwe wetu ale. Mti mgonjwa hauponi kwa sababu mwenyewe amelala njaa.

Hellena, Mama Jenifer


Milanzi
24 Januari 2025

Mzazi mwenzangu,

Nimekuvulia kitambaa! Kutoka Muze, kwa kipande cha urefu wa kiganja, umejua kwamba mti ulikufa umesimama na ulianzia chini. Wako madaktari wanaokupima damu na mkojo wasijue hata unaumwa upande gani.

Majibu ni haya. Majani yalianza kufa juu, kileleni, yakashuka. Maji kusimama, hapana, kwa sababu Baba Calvin ameinua udongo. Na hapo kwenye swali lako la shinani ndipo nataka nikuringishie mume wangu kidogo.

Wewe umeziona ntumba zetu kandokando ya barabara, yale matuta ya mviringo ya Wafipa. Unakata nyasi ndefu mvua zikikaribia kuisha, unazilaza, unazigeuzia udongo juu, zinaozea ndani mpaka msimu ujao. Kila mtu Ufipa anapiga ntumba, lakini za mume wangu Wilibrodi zilikuwa zinatazamwa. Zote kimo kimoja, zote duara, ungedhani amepima kwa sinia. Basi mwaka juzi aliona miparachichi yake imesimama mitupu kwenye udongo mwekundu wa mjini, akaona huruma. Akaleta nyasi, akaipigia kila mti ntumba yake, shina likiwa katikati. Mwaka jana akaongeza. Sasa zinafika magotini. Watu wa mtaa wanakuja kuchungulia. Miti haijawahi kutunzwa namna hiyo, na bado inakufa, ndiyo maana inamuuma.

Ganda la chini sikuweza kukubanjia. Liko ndani ya ntumba, na ntumba hairuhusiwi kuguswa hata na kuku.

Kuhusu unga, upo. Juu kidogo ya ntumba, kwenye mashina matatu, kuna unga mweupe umeganda kama sukari. Jana ndipo alipouona. Na hapohapo akaniuliza Mama Jenifer alisemaje kuhusu zile kuni. Nikamwambia ni mparachichi. Nilikosea, maana alisema, "Kwa nini mtu atuletee kuni za mparachichi wakati wa kwetu unakufa? Na asitaje jina la mti?" Akaenda kusimama kwenye ua akitazama kwa Teodori.

Unajua mji wetu una sifa gani, hata jina lake ni kutupa uchawi. Sitaki kuandika neno hilo hapa zaidi ya mara moja. Nijibu upesi.

Cornelia


Muze
31 Januari 2025

Mama Calvin,

Barua yako imefika, na nimeisoma nikiwa nimekaa chini.

Jambo lenyewe nalijua. Lakini kulisema si kazi ya mdomo wangu. Bundala naye amenikataza, amesema kwa ukwe wetu haifai, na mimi naona ni kweli.

Fukueni shinani, kila mti. Kilichofukiwa pale ndicho kinachoiua. Mkwe wetu mwenyewe akishaona atamjua aliyefanya, na mimi sitakuwa nimesema.

Fanyeni mapema, mvua ni nyingi.

Hellena


Milanzi
8 Februari 2025

Mama Jenifer,

Umetuandikia nini?

Barua yako Anjela alimkabidhi Baba Calvin mkononi, mimi nikiwa sokoni. Niliporudi nilimkuta amesimama sebuleni na karatasi, uso umekuwa wa kijivu. Akanionyesha kwa kidole: *kilichofukiwa.* Akanionyesha tena: *atamjua aliyefanya.* Akasema, "Mama Jenifer haongei ovyo. Aliona kwenye ukuni mmoja tu. Na amekataa kutaja jina kwa sababu anatuheshimu."

Unaona heshima zako zilivyokuinua? Mimi ndiye niliyekusifia. Miezi sita nzima nimemwambia hujawahi kukosea, kwa hiyo sasa neno lako kwake ni kama limetoka altareni.

Jumatano tulikuwa na sala ya jumuiya nyumbani kwa jirani yetu Coleta. Tulipofika kwenye kupeana amani, Teodori akanyoosha mkono. Baba Calvin akautazama, akaweka wake mfukoni. Watu wote waliona. Teodori akabaki mkono umening'inia, kisha akaurudisha taratibu, akajifuta kwenye suruali kama una uchafu. Huyu ndiye aliyetushonea sare za harusi ya Calvin na Jenifer bila kukosea hata bega moja.

Jana Teodori alikuja getini, na mimi nilikuwa uani. Alikuwa anasema kitu, lakini alisema haraka na ameinamisha kichwa, sikumsoma. Niliokota maneno mawili: "mti" na "aibu." Baba Calvin akamfungia geti. Akaja kuniambia, "Umeona? Amekiri."

Sasa amepata mtu, anaitwa mtaalamu, wa kuja kufukua Jumamosi tarehe 22. Amesema kitakachotoka ardhini atakibeba mpaka mlangoni kwa Teodori, mbele ya mtaa mzima. Nimemwambia tufukue sisi wenyewe kwanza, akasema vitu vya namna hiyo havishikwi na mikono mitupu.

Nakuuliza kama mzazi mwenzangu uliyenipa binti: umeona uchawi katika kile kipande cha mti? Ndiyo au hapana. Kama ni hapana, ulichokuwa unamaanisha ukiandike kwa maneno ambayo hata mimi kiziwi nitayasikia.

Cornelia


Muze
19 Februari 2025

Mama Calvin,

Hapana. Hapana, hapana.

Barua yako ya tarehe 8 imenifikia jana jioni. Mlima ulimwaga udongo barabarani kule Lyamba lya Mfipa, magari yalisimama siku tisa. Nimeisoma nikashika kichwa. Anjela ameapa kuipeleka hii kesho, hata kama itabidi apande kwa miguu pale palipokatika na kutafuta gari juu. Mungu ambariki.

Nilikosa mimi, na kosa langu ni la woga. Kwetu, mama wa binti hamwambii baba mkwe kwamba amekosea kazi yake ya mikono. Niliogopa kumvunjia heshima, nikazungusha maneno, na maneno yakaenda kumvunjia heshima mtu mwingine asiye na hatia. Nilipoandika "kufukua" nilikuwa naona udongo tu. Nimeishi Rukwa miaka thelathini, ningepaswa kujua nyinyi kule juu mtaona nini.

Sasa nasema wazi, na Bundala amesimama hapa mlangoni ananisikia nikiyasoma maneno ninayoandika. Kilichofukiwa ni shingo ya mti. Aliyefukia ni Mzee Wilibrodi. Ntumba ndizo zinazoiua miparachichi.

Tafadhali msomee na haya. Tulipohama na ng'ombe kuja huku nilikuwa msichana. Tulipita Ufipa mahindi yakiwa machanga, na baba yangu alisimama kutazama zile ntumba hadi ng'ombe wakatangulia. Akasema, "Hawa watu wanapika udongo." Nimekaa na neno hilo maisha yangu yote. Sijaona watu wengine wanaochukua nyasi zinazochomwa kila mahali na kuzigeuza chakula cha mahindi bila samadi, bila mbolea ya dukani. Mkwe wetu ni fundi wa kazi ambayo sisi hatuijui. Lakini mahindi na maharage yanakaa ndani ya chungu hicho msimu mmoja, yanavunwa. Mti unakaa miaka. Ukizikwa shingo kwenye nyasi zinazooza, ganda nalo linaoza, na chakula hakipiti tena.

Fanyeni hivi. Ondoeni udongo kwa jembe mpaka karibu na shina, halafu kwa mikono. Jembe lisiguse ganda. Simameni mtakapoona mti unapanuka na kuanza kuwa mizizi. Hapo ndipo shingo, iachwe wazi ipigwe na hewa. Ganda lililooza likwanguliwe mpaka penye uzima. Vilele vilivyokauka vikatwe. Chimbeni mfereji maji yatoke. Nyasi zenu nzuri msizitupe, zilazeni chini hatua moja kutoka shinani, bila udongo. Mti ambao weusi umezunguka shina lote umeshakwenda, msidanganyane. Ambao haujazunguka, subirini.

Ule unga mweupe ni jasho la mparachichi wenyewe. Unatoka penye jeraha, unakauka. Una utamu kidogo.

Na Teodori, kamuulizeni kwa upole amefukia nini kwenye miti yake. Ukuni wake ulikuwa na weusi uleule.

Hellena


Milanzi, Sumbawanga
Jumapili, 16 Machi 2025

Kwa Mama Jenifer, mzazi mwenzangu,

Ni mimi Wilibrodi. Barua hii naiandika mwenyewe. Mama Calvin alitaka kunisaidia nikakataa, kwa hiyo utavumilia mwandiko wa darasa la nne.

Barua yako ilifika Ijumaa, usiku wa kuamkia siku ya kufukua. Anjela alikuwa na tope mpaka kiunoni. Mama Calvin alinisomea. Alipofika pale uliposema ni mimi, nilisema barua hiyo ameiandika Teodori kwa jina lako. Ndivyo nilivyosema, nisamehe. Nikaenda kulala.

Asubuhi yule mtaalamu akaja na mfuko wake. Watu walikuwa wamejaa kwenye ua. Akaenda moja kwa moja kwenye ule unga mweupe, akarudi nyuma, akasema mtu yeyote asiuguse, ukigusa mkono utakauka. Hapo Mama Calvin akatoka jikoni. Hakusikia alichosema yule mtu, au alisikia kwa macho, sijui. Akapita katikati yetu, akaukwangua ule unga kwa ukucha, akautia mdomoni.

Mama Jenifer, mimi nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga. Nilikimbilia ndani kuchukua maji ya baraka, nikajikwaa kizingitini, nikarudi na chupa nusu imemwagika. Nikamkuta amesimama palepale, anajilamba. Akasema kwa ile sauti yake kubwa ya watu wasiosikia, "Mtamu kidogo, kama alivyosema mwenzangu." Watoto walicheka. Mtaalamu alikumbuka ana safari ya mbali.

Nimeishi na mwanamke huyu miaka arobaini na moja na sikujua ni shujaa. Kwa kipande cha karatasi kutoka kwako aliweka mdomo wake pale ambapo mimi niliogopa kuweka mkono. Niliona aibu. Nikachukua jembe.

Ntumba ya kwanza niliifungua taratibu. Ni ntumba nzuri, nakwambia ukweli, nyasi zimeiva nyeusi na funza wanono. Halafu nikafika kwenye shina kwa vidole. Ganda lilitoka lenyewe, laini kama ugali uliolala, linanuka. Nikajua. Nilifukua yote tisa siku ile bila kula, na Mama Calvin alikuwa anabeba udongo kwa beseni. Miti miwili weusi ulikuwa umezunguka. Saba haujazunguka.

Jioni nilivuka kwenda kwa Teodori. Nilibeba jembe, na mkewe aliponiona na jembe akakimbiza watoto ndani. Teodori alitoka. Nyuma ya nyumba yake ana miparachichi mitatu na kisiki kimoja amekifunika kwa bati. Na kila mti una ntumba. Ntumba mbovu, zimepinda, moja imelala upande kama mlevi, lakini ni ntumba.

Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema, "Hakuna, mzee. Nilikuwa nakuchungulia juu ya ua. Nilitaka niwe na mikono kama yako. Mti ulipokufa nikajua nimekosea kipimo, nikaona aibu usije ukaona. Nikaugawa kuni."

Siku ile getini alikuwa amekuja kuniomba nimfundishe upya.

Nililaza jembe chini. Nilitaka kumwambia ni mvua. Nilitaka kumwambia ni udongo wa mjini. Mwisho nikamwambia, "Kipimo chako kilikuwa sawasawa. Mimi ndiye niliyekosea." Nikampa mkono, ule niliouweka mfukoni. Aliushika kwa mikono yake miwili. Tukafukua mpaka giza likatuzuia.

Jumatano ya Majivu imepita. Nilipakwa majivu nikarudi nyumbani, na shoka sikuligusa. Ile miwili tu ndiyo niliyoikata, na Mama Calvin analalamika moshi. Saba bado ni ya njano. Mmoja una vichipukizi viwili vyekundu, vidogo kama makucha ya kifaranga, mingine sijui. Umesema tusubiri, tunasubiri. Naona wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia nimekosea tangu baba yangu afariki, na ulinipa sifa na ukweli katika karatasi moja. Nakuomba siku nyingine uniambie mara ya kwanza. Mti haujui ukwe.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni jambo jingine. Baada ya habari kuenea, Teodori alinipeleka mtaani. Mama Jenifer, nilikuwa sijui. Ntumba ziko kila mahali. Nyumba kumi na nne hapa Milanzi watu wamefukia miparachichi, mipichi, hata milimao, kwa sababu walikuja kuchungulia kwangu. Nilifikiri mjini hakuna anayenitazama.

Sasa kila siku natoka na jembe. Nikifika getini, kabla sijaingia, nasema, "Zile ntumba za kwenye miti niliwafundisha mimi bila kujua, na nilikosea. Nimekuja kuzitoa." Nyumba ya kwanza nilisema nimeinamisha kichwa. Nyumba ya tatu wakanicheka, na walikuwa na haki. Mama Calvin anasema chakula changu kinapoa kila siku na hajui nimeenda upande gani.

Jana nilikuwa nyumba ya tisa, kwa Coleta. Pale ndipo nilipomnyima Teodori amani siku ile, na nilijua hajasahau. Nikasimama getini, nikavua kofia, nikasema maneno yangu yote mpaka mwisho. Akanitazama tangu miguuni mpaka kichwani. Kisha akafungua geti lote, upande huu na upande ule, akasema, "Ingia, mwalimu."

Wilibrodi, Baba Calvin